Jina Ulilotuomba Jumapili

Namelok, mama,

Mambo ya safari utayapata kwa baba yako, ambaye tangu asubuhi anazungumzia basi, koti na lile begi lenye zipu mbovu. Mimi simo. Wewe ni mtu mzima na unajua kwamba Lushoto kuna baridi. Nimekaa hapa ofisini, mlango nimeurudishia, wewe umekwenda kumuaga bibi yako, na nina jambo moja tu la kukuandikia. Nalo ni lile la Jumapili.

Jumapili baada ya chakula uliuliza, kwa sauti ile unayoitumia ukitaka kitu tangu ukiwa mdogo, kama biashara yako ya kuwatembeza wageni kwenye milima ya Usambara unaweza kuiita Buranasi, kama yetu. Buranasi Lushoto. Baba yako akatabasamu mpaka masikioni. Mimi nikainuka nikasema maziwa yanafurika jikoni. Hapakuwa na maziwa jikoni, Namelok, na ulijua, maana ulinisindikiza kwa macho mpaka mlangoni. Ukadhani nimekasirika. Sikukasirika hata kidogo. Niliinuka kwa sababu neno "chukua" lilikuwa limeshafika kwenye meno, na neno la namna hiyo liliwahi kuniponza. Habari hiyo unaijua vipande vipande tu, kwa kuwa ilipotokea ulikuwa shule ya bweni na tulikuficha ili usome. Leo nakupa nzima, halafu nakupa jibu.

Jina lenyewe tulilitunga mimi na baba yako mbele ya fundi wa kuandika vibao, hapo mjini Karatu. Tulikuwa na punda wachache, mahema na sufuria, na tulikuwa ndiyo tunaanza kuwapeleka wageni kwa miguu kwenye nyanda za juu za Ngorongoro, punda wakibeba mizigo. Fundi ameshika brashi, anauliza, "Niandike nini?" Sisi tunatazamana. Majina yote ya simba na tembo na kreta watu wa Arusha walishayamaliza. Baba yako akachukua Bura, jina lake, akaliunga na Nasi ya Nasieku, jina langu. Buranasi. Fundi akauliza maana yake nini. Baba yako akamjibu, "Maana yake ni sisi." Nilicheka mpaka nikakalia ndoo ya rangi. Jina hilo huwezi kulikuta popote, si kwa Kimaasai changu wala kwa Kiiraqw cha baba yako na Wambulu wenzake, na baadaye hilo lilikuja kutufaa.

Tukalisajili kama jina la biashara, nikadhani tumemaliza. Miaka ikapita. Meneja wa hoteli moja akamwambia baba yako kwamba hilo peke yake halitoshi, inabidi alisajili pia kama alama ya biashara, ili mtu mwingine asiweze kulitumia kuuza huduma kama yetu. Baba yako akasafiri mpaka Dar kwa shughuli hiyo. Cheti kilipokuja akakitia kwenye fremu. Mimi nilimsimanga, jamani, nilimsimanga! "Umelipia karatasi ya kukuambia kwamba wewe ni wewe?" Yeye, unamjua, akakitundika nyuma ya mlango ili nisikione nikaanza tena.

Kilichotuangusha ni anwani ya tovuti, ile wenyewe wanayoiita domeni. Tovuti ilitengenezwa na kijana mmoja mpole, naye akaiandikisha anwani kwa barua pepe yake mwenyewe. Hakuwa na nia mbaya, na sisi hatukuuliza. Halafu akahamia Dar, barua pepe ile akaacha kuifungua. Sasa anwani ya tovuti haiwi yako milele. Unaikodi, na muda ukiisha unalipia tena. Wale waliotuuzia walikuwa wakitukumbusha kila mara, na kila kumbusho lilikwenda kwa kijana ambaye halisomi. Siku tovuti ilipozimika tukasema ni mtandao wa Karatu na kawaida zake. Tukaendelea kunywa chai.

Kisha tovuti ikarudi. Punda wetu wale wale, picha ya baba yako na kofia yake ile ile, ila namba ya simu si yetu. Na hata hilo hatukuliona sisi wenyewe.

Tulikuja kujua siku waliposhuka mbele ya ofisi wazee wawili wa Kibelgiji, mtu na mkewe, wamevaa viatu vipya vya kutembelea. Wana karatasi yenye jina letu, safari imeshalipiwa yote, na kwenye daftari letu hawamo. Yule mama akanionyesha picha ya punda wetu mweupe kwenye karatasi yake, akidhani labda nikimwona punda nitakumbuka. Niko kwenye ofisi yangu, chini ya kibao changu, najisikia mwizi. Baba yako hakuuliza mara mbili. Alikwenda kuwafunga punda shogi zao, ile mifuko ya mizigo, akaniambia, "Wamekuja kwa jina letu. Tutawatembeza." Akawatembeza safari nzima kwa gharama yetu. Wala hawakuwa wa mwisho.

Nikapiga ile namba ya kwenye tovuti. Akapokea Gaspari.

Humkumbuki. Ni wakala wa Arusha aliyekuwa akituletea wageni miaka ile ya mwanzo, mtu wa vicheko, aliyekula mezani kwetu, na mwanawe nikambeba mimi. Sauti yake nikaitambua pale pale, nikakata simu. Anwani yetu ilipoachwa wazi, yeye ndiye aliyeirukia.

Sasa sikiliza kosa langu, maana ni kosa la mtu wa Endulen, Umaasaini, mtu wa Dar hawezi kulifanya. Kwetu, ng'ombe wako akipotea ukasikia amelala kwenye boma la fulani, huendi pale ukipiga kelele za wizi. Unafika, unasalimia, unauliza watoto, unakunywa chai mpaka iishe. Halafu unasema, "Ndugu yangu, nashukuru kwa kunitunzia ng'ombe wangu." Hata kama unajua kabisa kwamba aliswagwa, unashukuru. Kwa shukrani hiyo unampa mwenzako mlango wa kutokea. Akiwa mtunzaji anaweza kumrudisha ng'ombe na mkabaki majirani, lakini ukishamwita mwizi imebaki vita tu. Babu yako nilimwona akifanya hivyo zaidi ya mara moja, na ng'ombe walirudi.

Basi nikakaa hapa hapa nikamwandikia Gaspari barua pepe. Nilisema, "Kaka Gaspari, tunakushukuru sana kwa kututunzia jina letu wakati sisi tulipokuwa tumelala. Endelea kulitunza mpaka tutakapokuja kulichukua. Sisi ni ndugu." Nikamsomea baba yako. Akaniuliza, "Unamshukuru mwizi?" Nikamwambia, "Nyamaza wewe Mbulu, mambo ya ng'ombe utayajulia wapi?" Akasema haya, lakini shukrani ya punda ni mateke. Nikamwambia punda wangu wana adabu kuliko ukoo wake wote. Tukacheka, nikabonyeza kutuma.

Gaspari akajibu kesho yake. "Dada Nasieku, nimefurahi kusikia kutoka kwenu. Anwani ninayo. Mkiitaka, bei yake ni hii." Hiyo bei siiandiki, maana hasira itanirudia bure. Nilitaka kuwapigia kaka zangu washuke na rungu. Baba yako akaenda nyuma ya mlango, akakitungua kile cheti, akakifuta vumbi kwa mkono wa shati lake, akasema, "Twende kwa wakili." Mimi sikusema neno juu ya cheti siku hiyo.

Wakili tuliyempata Arusha ni binti mmoja anaitwa Anjela, hakukuzidi sana wewe kwa umri. Alitueleza polepole. Kwenda mahakamani tunaweza, ila ni njia ndefu. Iko nyingine fupi, kwa kuwa kila anayeandikisha anwani kama ile yetu anakubali, kwenye masharti ambayo hakuna anayeyasoma, kwamba mwenye alama ya biashara akilalamika, kesi itaamuliwa na mwamuzi aliyeteuliwa na kituo cha usuluhishi nje ya nchi. Yote kwa maandishi. Hakuna kusimama mbele ya mtu, hakuna shahidi wa kulia.

"Mama, tunatakiwa kuthibitisha mambo matatu," akasema. "Kwamba anwani inafanana na alama yenu. Kwamba yeye hana haki yoyote juu ya jina hilo. Na kwamba aliiandikisha na kuitumia kwa nia mbaya. Tukipungukiwa na moja tu, tumeshindwa."

La kwanza lilimalizwa na cheti cha baba yako. La pili nikaliona jepesi, nani mwingine anaitwa Buranasi? Hata mwamuzi wa mbali angejua kwamba jina lililotungwa kwenye ndoo ya rangi haliwezi kumjia mtu wa pili kichwani kwa bahati. La tatu wale wazee wa Kibelgiji walituandikia maelezo yao, wakaambatisha karatasi yao. Anjela akapanga na picha za kibao, vipeperushi vya zamani na barua za wageni. Tukapeleka. Nikalala usingizi mzuri.

Kisha likaja jibu la Gaspari. Anjela akanipigia simu, nikasikia anavuta pumzi. "Mama Namelok, hii barua ya kushukuru ni yako?"

Nikamwambia ni yangu.

Gaspari alikuwa ameiweka mbele kabisa. Alisema, huyu mwenye alama mwenyewe ananishukuru. Ananiambia niendelee kulitunza. Ananiita ndugu. Mimi ninashika anwani hii kwa ridhaa yake. Na akaongeza, hata zamani, mezani kwake, aliniambia kwa mdomo wake, "Gaspari, jina hili ni letu sote, litumie."

Namelok, hilo nalo lilikuwa kweli. Nililisema. Kulikuwa na nyama, kulikuwa na wageni wengi msimu ule, nikafurahi, nikasema. Anjela aliniuliza kama tunaweza kulikana. Nikamwambia siwezi kukana, nililisema na baba yako alinisikia. Akasema, "Basi tutalieleza."

Siku zile ndizo sitaki kuzikumbuka. Sikuogopa kukosa biashara, punda wangeweza kubeba mahindi na maharage sokoni tukaishi. Nilichoogopa ni wewe urudi likizo ukute jina la baba yako na la mama yako lipo mkononi mwa Gaspari, linawadanganya wazee wa watu, na aliyemkabidhi ni mimi kwa adabu zangu. Niliona aibu mpaka kanisani nikawa nakaa nyuma. Baba yako hakunisema. Heri angenisema.

Nilichokuja kuelewa ni hiki. Kwenye boma, shukrani yangu isingemdanganya yeyote. Wote waliokaa pale wangejua nimekuja kuchukua ng'ombe. Lakini mwamuzi yule hakukaa nasi. Hamjui baba yangu, hajanywa chai yetu, ana karatasi tu mbele yake, na kwenye karatasi mtu aliyeshukuru ameshukuru. Niliandika kana kwamba atakayesoma ni jirani. Hata Gaspari hakuwa jirani tena, na mimi ndiye sikutaka kulijua hilo.

Anjela akaomba aruhusiwe kupeleka maelezo ya nyongeza. Alituonya kwamba mwamuzi halazimiki kuyapokea. Mjomba wako Saitoti wa Endulen akaandika jinsi mwenye ng'ombe anavyokwenda kumdai ng'ombe wake, nikampenda kwa kuandika vizuri hivyo. Juu ya lile neno la mezani, mimi nikaandika kwamba ni kweli nililisema, nilimwambia mtu aliyekuwa akituletea wageni, kwa ajili ya kutuletea wageni. Sikumpa jina ili awachukue wageni hao. Na chini ya barua yangu, Anjela akaambatisha jibu la Gaspari lenye bei.

"Desturi yenu itaeleza nia yako, Mama," akaniambia. "Bei yake ndiyo itaeleza nia yake."

Mwamuzi akayapokea. Tukangoja. Msimu wa mvua uliingia tukiwa bado tunangoja, baba yako akatengeneza shogi ambazo hazikuharibika.

Tukashinda, kama unavyoona kibao bado kipo. Uamuzi ulisema anwani irudishwe kwetu. Kuhusu barua yangu mwamuzi aliandika kwamba mtu anayetunza mali ya mwenzake kwa ridhaa, akiombwa, hamtajii mwenye mali bei. Nilisoma sentensi hiyo mara nyingi sana. Nilitamani babu yako awe hai nimsomee.

Lakini usidhani ilikuwa sherehe. Njia ile inarudisha anwani tu. Hailipi fidia, haimwadhibu mtu. Polisi tulikwenda kivyetu, na hilo ni somo jingine refu. Wageni waliotapeliwa kwa jina letu wengine walitusamehe, wengine waliandika kwenye mitandao kwamba Buranasi ni wezi, na maneno yao yapo mpaka leo. Nimeyasoma yote. Siwalaumu. Wao walimwamini Buranasi, Gaspari hawakumjua.

Sasa turudi Jumapili.

Uliomba kwa mdomo, mezani, baada ya nyama, na mimi mdomo wangu uko vile vile. Nusura niseme "chukua." Nilikimbilia jikoni ili nisiseme. Nikasimama pale nikaegemea kabati, machozi yakanitoka, kwa kuwa ni mara yako ya kwanza kutuomba kitu chetu cha thamani, na nilishajua kwamba nitakunyima.

Jibu langu ni hapana, mwanangu.

Baba yako hakubaliani. Alikwenda mpaka kwa Anjela, na Anjela akamweleza kwamba inawezekana vizuri tu, tukuandikie ruhusa ya kutumia alama, yenye mipaka yake na muda wake, na sisi tuwe tunakuja kukagua kazi yako ili jina lisiharibike. Ndivyo mwenye alama anavyotakiwa kufanya. Nikamsikiliza mpaka mwisho. Kisha nikajiona nimeshuka basi Lushoto, nina kalamu, nakagua mahema ya mtoto wangu. Weee! Sitaki. Nikikukagua utanichukia, nisipokukagua jina litabaki ovyo kama lilivyokuwa kwa Gaspari. Na mgeni wako akinyeshewa kule Usambara, atatutukana sisi huku Karatu, na wa kwetu akikosa chakula, atakukimbia wewe ambaye huna kosa lolote. Utakuwa unajibu makosa yetu, mama. Yale maneno ya "wezi" yatakufuata mpaka kule. Kwa nini uanze safari na mzigo huo?

Na iko sababu nyingine, ambayo ndiyo hasa. Buranasi maana yake ni sisi. Mimi na baba yako, wakati ule, na ndoo ile. Wewe humo ndani yake, na si kwa sababu hatukupendi, ulikuwa hujazaliwa. Ukilichukua utakuwa umeruhusiwa. Sitaki uwe mtu wa kuruhusiwa. Nataka uwe mwenyewe, na cheti chako, na mtu wa kukusimanga juu yake akiwepo, usimsikilize.

Najua itakuuma. Mimi pia imeniuma, na mpaka ninapoandika bado inauma. Kama utaondoka kesho umenuna, nuna tu, nitakusindikiza hivyo hivyo.

Tafuta jina lako. Mambo ya tovuti unayajua kuliko mimi na sikufundishi. Naomba kitu kimoja tu. Ukilipata, usimwambie mtu. Usimwambie mwenzako wa chumba, wala mchungaji, wala fundi wa kibao. Kwanza lisajili kote panapotakiwa, alama na anwani, kwa jina lako na barua pepe yako. Na mimi usiniambie. Unanijua. Nitafurahi, na nikifurahi, kabla ya saa sita mama muuza maziwa atakuwa ameshalijua, na soko zima la Karatu. Nikikupigia simu nikakubembeleza, ukisikia ninalia, nidanganye. Sema bado hujaamua.

Ukishakuwa nalo mkononi, hapo ndipo unipigie uniambie. Nitakuwa nimekaa hapa hapa, nakusikiliza.

Yeyo wako,
Nasieku